Sefania na Mkanda wa Begi

Jumapili asubuhi, Sefania alishindwa na kifungo cha shati.

Kifungo chenyewe kilikuwa cha kawaida tu, kile cha shingoni. Alikuwa amekifunga kila Jumapili kwa miaka mingi. Lakini siku hiyo vidole vya mkono wa kushoto havikumtii. Alikishika kifungo, kikaponyoka. Akakishika tena, kikaponyoka tena. Kengele ya kwanza ya kanisa ilikuwa imeshalia, na ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mashamba ya kabichi.

"Baba Anord, tunachelewa," mkewe Marta aliita kutoka jikoni.

"Nakuja."

Akavaa sweta juu ya shati, akalivuta hadi shingoni. Kifungo kikafichika. Lakini Sefania alikuwa na aibu nyingine kubwa zaidi, na hiyo haikufichika kwa sweta.

Sefania alikuwa mtu wa miaka hamsini na miwili. Aliishi katika kijiji karibu na Irente, si mbali na mji wa Lushoto. Kwa zaidi ya miaka ishirini alibeba matenga ya nyanya na magunia ya viazi kutoka mabondeni hadi barabarani, kwa kichwa na kwa bega. Kila alipoulizwa kama mzigo ni mzito, alijibu, "Ng'ombe haelemewi na nunduye." Basi watu wakamwita Mzee Nundu. Alijifanya halipendi jina hilo, lakini alilipenda sana.

Mwaka huo alikuwa amepata kazi mpya. Kulikuwa na kikundi kilichoongoza wageni kwa miguu kutoka Lushoto, kupitia Rangwi, hadi Mtae. Kiongozi wake, kijana aitwaye Twaha, alitafuta wapagazi. Sefania akaomba, akachukuliwa. Mkwe wake Happiness, mke wa Anord, alikuwa ameshaingia katika kikundi hicho kama mpishi. Anord mwenyewe alikuwa Tanga akitafuta kibarua, na kilikuwa bado hakijapatikana. Kazi ya Happiness ndiyo iliyolisha nyumba yao.

Kikundi kiliwapa wapagazi mabegi ya fremu. Begi la fremu ni begi kubwa la mgongoni lililofungwa kwenye mabomba mepesi ya alumini. Lina mikanda miwili ya mabega, mkanda mdogo wa kifuani na mkanda mmoja mpana wa kiunoni. Mabomba yana matundu mengi, kutoka juu hadi chini, na mikanda ya mabega hushikizwa hapo kwa pini. Sefania alipewa lake. Hakuuliza linavaliwaje. Mtu aliyebeba matenga miaka ishirini, aulize namna ya kubeba?

Alipouona ule mkanda wa kiunoni, alicheka.

"Hiki si kibwebwe hiki?" aliwaambia wapagazi wenzake. "Mimi sifungi kibwebwe. Waachieni mama zenu wakienda ngomani."

Wenzake wakacheka sana. Sefania akauzungusha mkanda ule nyuma ya begi, akaufunga fundo huko. Kisha akazishusha pini za mikanda ya mabega hadi matundu ya chini kabisa, ili begi lipande juu. Aliona mzigo mzuri ni ule unaokaa karibu na kichwa, kama tenga. Hakuna aliyemkosoa, maana nani amfundishe Mzee Nundu kubeba?

Alibeba hivyo safari mbili. Jioni mabega yalimwaka moto, naye alinyamaza. Safari ya tatu ndiyo iliyomuumbua.

Ilikuwa Alhamisi. Walikuwa wakipanda kilima kirefu baada ya Rangwi. Twaha alitangulia na wageni wawili, mzee mmoja na mkewe. Mkono wa kushoto wa Sefania ulianza kuwashwa kama umetembelewa na siafu. Baadaye ukafa ganzi. Fimbo ikamtoka mkononi, naye hakujua mpaka aliposikia imeanguka. Akaketi kando ya njia.

Happiness alikuwa nyuma, amebeba vyombo vya kupikia. Akamkuta hapo.

"Baba, umechoka?"

"Sijachoka. Nafunga kamba za kiatu."

Happiness akatazama miguu ya baba mkwe wake. Alikuwa amevaa mabuti ya mpira, na mabuti ya mpira hayana kamba. Happiness akageuza uso, akatazama bondeni kidogo.

Kisha akasema, "Tubadilishane mizigo, baba. Wangu mwepesi."

Sefania angeweza kukataa. Hakukataa. Happiness akalifungua lile fundo, akafunga mkanda kiunoni mwake, akapanda na begi kilima kizima. Sefania alimfuata na sufuria, kichwa chini. Walipokaribia kileleni, kabla ya kona ya mwisho, Happiness akasimama. Akalishusha begi, akamrudishia, ili wageni wamwone mzee anafika na mzigo wake mwenyewe.

Lakini walikuwa wamechelewa zaidi ya saa nzima. Mgeni yule mama alikuwa amelegea kwa njaa. Twaha alikuwa amekasirika.

"Nini kimewachelewesha?" aliuliza.

Sefania alifungua kinywa, na maneno yakatoka kabla hajayapima.

"Muulize huyu. Wanawake na mizigo, si unajua mwenyewe."

Happiness akainama, akaanza kuwasha jiko.

Jumamosi Twaha alipiga simu. "Mzee Nundu, safari ya Jumatano uko. Yule mkwe wako nimempumzisha. Siwezi kuwa na mtu wa kutuchelewesha. Nikiona hakuna haja, nitamwacha kabisa."

Hapo Sefania alipata nafasi ya kusema kweli. Simu ilikuwa sikioni, na hakuna mtu mwingine aliyekuwa karibu. Akasema, "Sawa."

Basi hiyo ndiyo aibu aliyokwenda nayo kanisani. Wakati wa wimbo wa pili, kitabu kilimponyoka kikaanguka sakafuni. Marta aliona. Walipofika nyumbani alimwambia avue sweta. Akaona kifungo kilichoachwa wazi. Akaona na mabega. Yalikuwa na alama mbili nyekundu, nene, zilizoanza kuwa nyeusi.

"Tangu lini?"

"Nililalia mkono."

"Na mabega nayo uliyalalia?" Marta alimtazama usoni. "Baba Anord, mficha uchi hazai. Sema ninachoweza kukusaidia."

Sefania akasema anataka chai.

Alasiri, Happiness alifika na kapu la karoti. Alibisha hodi, akapiga goti kidogo mlangoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Sefania hakumtazama. Alitazama karoti. Happiness na Marta wakasalimiana kwa Kishambaa, wakaulizana habari za Anord, wakaulizana habari za kuku. Baadaye Happiness akamgeukia mama mkwe wake.

"Mama, naomba kusema kitu kuhusu begi la baba."

Sefania alitamani ardhi ipasuke immeze. Alijua sasa yote yatatoka, ya kilimani na ya kinywani mwake.

"Linamkaa vibaya," Happiness alisema. "Nimeliona njiani. Mimi nilifundishwa kulipima, kwenye mafunzo ya siku tatu ya waongoza wageni kule Sigi. Baba akikubali, naweza kueleza."

Akaishia hapo. Habari ya Alhamisi hakuigusa. Sefania alimwona anavyoizunguka kama mtu anayezunguka shimo njiani, na akaona aibu zaidi kuliko kama angesema.

"Eleza," Marta alisema. "Atakubali."

Sasa kulikuwa na tatizo. Katika ukoo wao, mke wa mtoto hamgusi baba mkwe. Hampi mkono, wala hakai naye mkeka mmoja. Na begi la fremu halipimwi kwa macho. Hupimwa mwilini, shingoni na nyongani. Happiness alilijua hilo. Akaketi mbali, karibu na mlango.

"Mimi nitasema, mama," alisema. "Wewe ndiye utakayepima."

Marta akacheka. "Basi leo mimi fundi. Baba Anord, simama."

Sefania akasimama katikati ya chumba, kama mtoto anayepimwa sare ya shule.

"Baba ainamishe kichwa," Happiness alisema. "Mama, pitisha kidole nyuma ya shingo. Kuna mfupa umejitokeza kuliko mingine."

"Huu hapa."

"Hapo ndipo mgongo unapoanza kupimwa. Sasa tafuta mifupa ya nyonga, ile ya ubavuni. Si kiuno chenyewe pale palipo laini. Shuka kidogo, utagusa mfupa mgumu, mmoja kulia na mmoja kushoto. Weka mikono juu ya mifupa hiyo, vidole gumba vielekee mgongoni. Vikikaribia kukutana, hapo ndipo mwisho."

"Nimepata."

"Chukua kamba, pima kutoka mfupa wa shingo hadi kwenye vidole gumba. Huo ndio urefu wa mgongo wa baba. Begi halifuati urefu wa mtu. Linafuata urefu wa mgongo. Mtu anaweza kuwa mrefu kwa miguu tu."

Marta akapima kwa kamba ya katani, akafunga fundo. Happiness akaomba kamba ile na begi, Marta akampelekea. Happiness akailaza juu ya fremu, kuanzia pale mkanda wa kiunoni ulipofungwa, kwenda juu. Fundo likafika mbali sana juu ya pini.

"Ona, mama. Pini ziko chini, kwenye matundu ya mwisho. Zinatakiwa ziwe huku juu. Pini zikiwa chini, begi linapaa kuelekea kichwani, na mkanda wa kiunoni unapanda hadi mbavuni. Mzigo wote unaning'inia mabegani."

"Mimi nilizishusha makusudi," Sefania alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu vipimo vianze. "Mzigo ukae juu, kama tenga."

"Ndiyo, baba. Lakini tenga linakaa juu ya kichwa, na kichwa kiko juu ya uti wa mgongo. Mifupa inabeba. Begi hili halikai kichwani. Linavuta mabega kwenda nyuma na chini, na begani kuna mishipa inayokwenda mkononi. Mkanda ukiiminya muda mrefu, vidole vinakufa ganzi."

Marta akatazama mkono wa mumewe. Sefania akauingiza mfukoni.

Happiness akamwonyesha Marta namna ya kutoa pini. Kila pini ilikuwa na pete ndogo ya waya ya kuizuia isitoke. Walitoa pete, wakachomoa pini, wakapandisha mikanda ya mabega matundu manne, wakarudisha pini na pete. Upande wa kulia na wa kushoto ukawa sawa.

"Mtu akikosea akapandisha upande mmoja tu, atatembea kama debe lililobonyea," Happiness alisema, na Marta akacheka. Hata Sefania alitaka kucheka, lakini akakumbuka hana haki ya kuchekeshwa na mtu huyu.

Wakatia viazi ndani ya begi. Happiness alisema vitu vizito vikae karibu na mgongo, visikae nje wala chini kabisa. Nguo na blanketi ndivyo vikae chini. Mzigo mzito ukiwa mbali na mgongo, unamvuta mtu nyuma, naye anainama kujizuia, na kiuno kinaumia.

"Sasa baba alivae. Kwanza legeza mikanda yote. Usilirushe begani kwa mkono mmoja. Liweke juu ya kiti, geuka, pitisha mikono. Ukiwa njiani, tumia jiwe au ukingo wa tuta."

Sefania akafanya hivyo. Mkanda wa kiunoni ukaning'inia pande mbili, mbele ya wanawake wawili. Hakuushika.

"Baba," Happiness alisema taratibu, "mkanda huo unafungwa kwanza, kabla ya mikanda ya mabega. Ndio unaobeba. Ukae juu ya ile mifupa ya nyonga, katikati yake. Si tumboni."

"Watu watasema nimefunga kibwebwe."

Marta akaweka mikono kiunoni. "Mimi nimefunga kibwebwe nikivuna mpunga wa watu kule bondeni, nimekifunga nikiteka maji, nimekifunga nikiwa na mimba ya Anord. Unafikiri tunakifunga kwa urembo? Kinashika mwili. Funga."

Sefania akafunga. Marta akamsaidia kukaza.

"Sasa vuta mikanda ya mabega," Happiness aliendelea, "lakini kidogo. Iguse mabega, isiyabebe. Mama, simama pembeni. Pale mikanda inapoungana na fremu, pako usawa gani?"

"Usawa wa mabega."

"Ndipo panapotakiwa. Ingiza vidole viwili chini ya mkanda wa begani. Vinapita?"

"Vinapita."

"Basi. Na ule mkanda mdogo wa kifuani ufungwe chini ya mifupa ya mabega ya mbele, usibane pumzi. Aende sasa, apande matuta, arudi."

Sefania akatoka. Nyuma ya nyumba yake shamba lilipanda kwa matuta, na njia ilikuwa na utelezi. Akapanda tuta la kwanza, la pili, la tano. Alisubiri ule moto wa mabegani. Haukuja. Mzigo ulikuwepo, tena mzito, lakini ulikuwa umekaa nyongani na kushuka miguuni. Akafika juu, akapumua. Kwa miaka ishirini alidhani kubeba ni kuvumilia maumivu. Alikuwa amejisifia maumivu hayo mbele za watu.

Aliposhuka, alisikia sauti zao kabla hajafika uani.

"Basi Jumatano mtakwenda wote," Marta alikuwa akisema. "Utamwangalia huko njiani."

"Mimi nimepumzishwa, mama."

"Nani kakupumzisha? Kwa nini?"

"Mambo ya kazi tu." Kisha Happiness akasema, "Anord akipiga simu, usimwambie. Atafadhaika bure."

Sefania alisimama nyuma ya ukuta, begi mgongoni, mkanda kiunoni. Mwanamke huyu alijua kwa nini amepumzishwa. Alijua nani alimsingizia. Hata hivyo alikuwa amekuja na karoti, akaketi mlangoni alasiri nzima, akimfundisha mtu aliyemkosesha kazi. Sefania alisikia uso unamwaka.

Hapo tena angeweza kusema. Akaingia uani, akashusha begi, akasema, "Limekaa vizuri."

"Asante Mungu," Happiness alisema. "Lakini mkono huo, baba, usiuache. Ganzi ikikaa siku tatu bila kutoka, ni ya kuonyesha zahanati. Begi zuri haliponyi mkono ulioumia."

Jumatatu alikwenda zahanati. Tabibu, bwana mmoja aitwaye Nathanaeli, alimwambia afumbe ngumi, afumbue, anyooshe vidole. Akambonyeza shingoni na begani.

"Mshipa umeminywa," alisema. "Hukuchelewa sana. Pumzika wiki mbili, usibebe mzigo wowote mabegani. Fanya mazoezi haya ya vidole, kisha urudi nikuone. Usipoona nafuu, nitakuandikia uende hospitali. Ungeendelea kubeba vile, ungeweza kushindwa kushika hata kijiko."

Jumanne jioni, makande yakiwa bado jikoni, Sefania alimwambia Marta kila kitu. Alimwambia ya fimbo, ya mabuti, ya kubadilishana mizigo, ya maneno aliyomwambia Twaha. Marta alisikiliza mpaka mwisho. Aliacha kukoroga.

"Na ukamwacha akufundishe," alisema.

"Ndiyo."

"Siwezi kukusemea, baba Anord. Ulisema mbele za watu. Ukaseme mbele za watu."

Jumatano asubuhi na mapema, Sefania alikwenda mjini Lushoto na begi lake tupu. Kabla ya kuondoka alikuwa amepita kwa Happiness.

"Njoo na viatu vyako vya safari," alimwambia kutoka nje ya uzio.

"Lakini mimi siendi, baba."

"Njoo tu, mwanangu."

Kikundi kilikuwa kimekusanyika nje ya ofisi yao karibu na soko. Wapagazi wanne walikuwa wakifunga mizigo. Wageni walikuwa wakinywa chai. Salama, mpishi mpya, alikuwa akihesabu mayai. Twaha alipomwona Sefania alifurahi.

"Mzee Nundu. Njoo, mzigo wako huu hapa."

Sefania hakuuchukua. Alitua begi chini.

"Nina neno," alisema. "Nataka na hawa walisikie."

Wapagazi wakaacha kufunga.

"Alhamisi ile mimi ndiye niliyewachelewesha. Mkono ulikufa ganzi kwa sababu nilivaa begi vibaya, nikaona haya kusema. Mkwe wangu alibeba mzigo wangu kilima kizima. Akaniachia niingie nao kwenu kama vile niliubeba mimi. Nawe ulipouliza, nilimsingizia yeye. Uliponipigia simu, nikasema sawa. Nilisema uongo mara mbili."

Hakuna aliyecheka. Mmoja wa wapagazi alianza kutazama viatu vyake. Twaha alimgeukia Happiness, ambaye alikuwa amesimama kando ya ukuta na viatu vyake mkononi.

"Na wewe, kwa nini hukusema?"

Happiness alijibu kwa sauti ndogo. "Ningesemaje? Ni baba."

Sefania alikuwa amejiandaa kwa kuzomewa. Alikuwa amejiandaa hata kwa kufukuzwa. Jibu hilo hakujiandaa nalo. Machozi yalimlenga, akayaacha.

"Nisamehe, mwanangu," alisema mbele yao wote.

"Yameisha, baba."

Twaha akasema, "Happiness, safari hii uko. Nami nimekukosea, nilikuhukumu bila kukusikiliza. Na wewe mzee, sijui nikuambieje."

"Usiniambie kitu. Tabibu amenikataza kubeba wiki mbili. Mpe Happiness begi langu abebee vyombo vyake, maana lake limekatika mkanda. Ila halitamfaa kama lilivyo. Hizi pini ni za mgongo wangu."

Akapiga magoti juu ya udongo, akalilaza begi mbele yake. Alitoa ile kamba ya katani mfukoni, akampa Salama.

"Nenda ukampime mkwe wangu. Mwambie ainamishe kichwa, utafute mfupa wa shingo. Ukimaliza, shuka mpaka mifupa ya nyonga, hapa ubavuni. Si kiunoni palipo laini."

Salama akapima, akarudi na kamba. Sefania akailaza juu ya fremu. Vidole vyake vya kushoto vilikuwa bado vizito, na pete za waya zilikuwa ndogo. Pini ya kwanza ilimponyoka ikaanguka vumbini. Wapagazi wakamtazama akiitafuta. Mmoja wao, Kassimu, aliinama kumsaidia.

"Acha," Sefania alisema. "Nitaiweza."

Akaiweza. Akashusha mikanda ya mabega matundu matatu upande wa kulia, matatu upande wa kushoto, akahakikisha iko sawa. Akalegeza mikanda yote. Kisha akaliinua begi, akaliweka juu ya benchi, akarudi nyuma hatua tatu ili Happiness aje alivae.

"Anza na wa kiunoni," alisema.

Kassimu alikuwa akitazama begi lake mwenyewe, ambalo mkanda wake nao ulikuwa umefungwa fundo nyuma.

"Mzee," aliuliza, "na langu liko sawa?"

"Haliko sawa. Mimi ndiye niliyewaharibu. Muulize mwalimu wangu, yule pale."

Siku hiyo safari ilichelewa kuondoka kwa nusu saa. Happiness alipita kwa kila mpagazi, akaeleza, na wanaume wakapimana wao kwa wao kwa kamba ya katani. Tangu hapo Twaha aliweka utaratibu kwamba hakuna begi linaloondoka kabla Happiness hajaliona. Wakishatembea mwendo mfupi, wote husimama, kila mtu akakaza au akalegeza panapotakiwa, kisha huendelea.

Baada ya wiki mbili Sefania alirudi kwa tabibu. Ganzi ilikuwa imetoka, isipokuwa kidogo kwenye ncha ya kidole kidogo. Akaruhusiwa kubeba mzigo mwepesi kwanza. Safari iliyofuata alipanda kilima cha baada ya Rangwi, mkanda umekaa nyongani, mikono yote miwili ikiwa na joto. Palepale alipoketi siku ile, alisimama.

Happiness alikuwa akija nyuma na vyombo vyake. Akamfikia.

"Baba, umechoka?"

"Nimechoka, mwanangu," Sefania alisema. "Tupumzike kidogo."

Wakapumzika.